Kutundika kinyago kizito: lipu haibebi kitu

Mteja akinunua kinyago pale Mwenge, soko la vinyago la Dar, anauliza bei, anapunguza, kisha anauliza kama mpingo ni wa kweli. Swali lenye maana zaidi huja jioni, kwa simu, akiwa ameshafika nyumbani: "Dada, hiki kitu nakitundika na nini?" Mara nyingi nyuma ya sauti yake nasikia nyundo. Kuna shemeji au mlinzi ameshachukua msumari wa nchi nne na anaupiga ukutani, na lipu inadondoka vipande vipande. Ndiyo maana siku hizi nauza vinyago na pia nakwenda kuvitundika, na haya ninayoandika ni yale ninayoyarudia kila mara kwenye simu.

La kwanza: lipu haibebi kitu. Ni mchanga na saruji, unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, imepigwa ili ukuta unyooke na rangi ikae vizuri. Kinachobeba ni tofali au zege lililo nyuma yake. Msumari uliokamata lipu peke yake unaweza kushika kalenda ya benki mwaka mzima, ila kinyago cha kilo kumi kitaanguka pamoja na kipande cha ukuta.

La pili: kinyago si picha. Picha imelala ukutani, uzito wake wote unavuta kwenda chini. Kinyago kinachomoza, kwa hiyo kinavuta kwenda chini na papo hapo kinavuta skrubu kutoka ukutani. Shika ndoo ya maji ukiwa umeibana ubavuni, kisha nyoosha mkono mbele na ndoo ile ile, utaelewa ninachosema. Kwa hiyo kila ninapotundika najiuliza maswali mawili: nini kinabeba, na nini kinashika kisiiname? Wengi huuliza la kwanza tu.

Pima kabla ya kununua skrubu

Mizani ya bafuni inatosha. Panda peke yako, panda ukiwa umekibeba kinyago, toa. Kama huna mizani, muuza nyama wa mtaani anayo.

Usikadirie kwa macho, maana mpingo unadanganya. Ni mti mzito kuliko maji. Lita moja ya mpingo ina kilo moja na robo hivi, na ukitupa kipande kwenye ndoo kinazama. Ubao wa nakshi wenye urefu wa sentimita 60, upana wa 15 na unene wa 10 unafika kilo kumi na moja, na mtu akiutazama tu anasema tano. Kinyume chake, kuna vinyago vyeusi vya mti mwepesi vilivyopakwa kiwi ya viatu. Sisemi vibaya, vingine ni vizuri na vina bei yake, ila ujue kiwi inahama. Futa mgongo wake kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Kikitoka na weusi, usikiegemeze kwenye ukuta mweupe bila kitu katikati. Doa la kiwi kwenye rangi ya maji halitoki kwa kufutwa. Mimi hubandika vipande vya blanketi nzito au vile viduara vya kubandika chini ya miguu ya viti, vinne mgongoni, na hapo hapo kinyago kinapata nafasi ya kupumua, ukuta ukiwa na unyevu mti hauulambi.

Kisha pima kinachomoza. Chukua kinyago cha kilo 12 ambacho uzito wake umekaa sentimita 10 mbele ya ukuta. Kikishikwa juu, na sehemu ya chini inayogusa ukuta iko sentimita 40 chini ya hapo, skrubu ya juu inavutwa nje kwa kilo 3 tu. Kishike mahali ambapo umbali huo ni sentimita 10, inavutwa kwa kilo 12. Kinyago ni kile kile na skrubu ni ile ile. Kwa hiyo shika juu kadiri inavyowezekana, na hakikisha sehemu ya chini kabisa inagusa ukuta. Hesabu hii imeokoa kuta nyingi kuliko gundi yoyote.

Na gundi tuimalize hapa hapa. Ile tepu ya pande mbili inayouzwa kwa maneno "bila kutoboa" inashika rangi, na rangi inashika lipu kwa namna yake. Joto la Dar mwezi wa pili likipiga, tepu inalegea, au inabaki imara na ngozi ya rangi ndiyo inayobanduka. Kwa kitu cha nusu kilo sawa. Kwa mpingo, hapana.

Ukuta unakwambia wenyewe

Gonga kwa kifundo cha kidole. Sauti nzito isiyo na mwangwi ni tofali au zege. Sauti ya ngoma ni jipsamu, au lipu iliyoachia tofali ndani. Ukisikia ngoma mahali pamoja tu kwenye ukuta wa tofali, hama hapo. Lipu hiyo itaanguka hata usipoigusa.

Baada ya hapo vumbi la drili ndilo shahidi. Weka karatasi chini, toboa polepole. Kwanza linatoka jeupe laini kama unga, hiyo ni pati, ule unga wa kulainisha ukuta kabla ya rangi. Kisha la kijivu, hiyo ni lipu. Kisha drili inabadilika sauti na vumbi linakuwa la chembe kubwa zaidi: umefika kwenye tofali. Hapa ndipo unapojua fundi wako alikuwa mkarimu au bahili wa saruji. Tofali nzuri inakataa kidogo, unasukuma. Tofali iliyofyatuliwa kwa ubahili inamwaga mchanga, drili inazama yenyewe na tundu linapanuka kuliko ulivyokusudia. Vumbi likiwa jekundu ni tofali ya kuchoma, ya kule Iringa, Njombe na Mbeya. Drili ikitumbukia ghafla, tofali ni ya tundu.

Kila jibu lina dawa yake. Tofali ya saruji ya nchi tano au sita iliyo imara ni rahisi: fisha, kile kidude cha plastiki kinachoingia tunduni na kutanuka skrubu ikikazwa, na skrubu ndefu. Tofali inayomwaga mchanga, usiilazimishe. Tumia fisha ndefu zaidi, ongeza idadi ya skrubu na uzitawanye, au hamia kwenye lenta, mkanda wa zege nitakaoueleza hapa chini. Tofali ya kuchoma toboa bila kugonga, katikati ya tofali yenyewe, kwa sababu nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa udongo katikati ya tofali na udongo haubani fisha. Tofali ya tundu inahitaji zile nanga zenye mabawa yanayofunguka upande wa pili. Ukuta wa tofali mbichi acha kabisa. Weka kinyago juu ya kigoda chini, kitapendeza.

Pateshini za jipsamu za maofisini ni kesi yake. Ubao wa jipsamu una unene wa milimita 12 hivi na umefungwa kwenye fremu za bati zilizosimama. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa friji, iteleze ukutani taratibu. Itanasa pale penye kichwa cha skrubu, na ukishapata vichwa viwili vitatu kwa msitari wima umeipata fremu. Funga plaiwudi ya milimita 18 kutoka fremu hadi fremu, ipake rangi ya ukuta, kisha kinyago kifungwe kwenye plaiwudi. Meneja mmoja aliniambia plaiwudi itaharibu sura ya ofisi. Tuliipaka rangi nzito ya udongo, kinyago kikakaa mbele yake, na wageni wanadhani ndivyo kilivyouzwa.

Lenta nimeitaja. Ule mkanda wa zege wenye nondo unaopita juu ya milango na madirisha ndio sehemu ninayoiamini kuliko zote ndani ya nyumba. Ukuta ukiwa dhaifu natoboa kwenye lenta, nafunga boliti mbili za kutanuka, nashusha nyaya mbili za chuma hadi kwenye kinyago. Nyaya zinaonekana, ni kweli, zipake nyeusi. Kamba ya katani inavutia zaidi machoni, lakini inakatika uzi mmoja mmoja na haikwambii. Kumbuka boliti za kutanuka ni za zege. Kwenye tofali dhaifu zinatanuka hadi zinapasua tofali yenyewe. Na ukitoboa lenta, drili ikigoma na kutoa mlio wa chuma, umegusa nondo. Sogea sentimita chache, usishindane nayo.

Tundu lenyewe

Kabla ya drili, angalia swichi na soketi. Mabomba ya waya kwa kawaida hushuka wima kutoka darini, kwa hiyo ukanda wa sentimita 15 kila upande, moja kwa moja juu na chini ya kila swichi na soketi, mimi siugusi. Ukanda wa kulala kati ya soketi mbili pia siuamini. Ukuta wenye bafu upande wa pili, uliza mabomba ya maji yamepita wapi. Ukiwa na drili ya betri, zima swichi kubwa. Umeme wetu ni volti 230 na hausamehi.

Bandika tepu ya karatasi mahali pa tundu na uweke alama ya penseli juu yake. Tepu inazuia lipu isimeguke pembeni. Anza bila mtindo wa kugonga mpaka umeshavuka lipu. Baada ya hapo, kama tofali ni ngumu, ndipo uwashe kugonga. Mafundi wengi huwasha kugonga tangu mwanzo, na ndiyo sababu unaona mdomo wa tundu umekuwa kama sahani.

Fisha lazima ikae yote ndani ya tofali, nyuma ya lipu. Hili ndilo linalosahauliwa. Fisha ya milimita 10 ina urefu wa milimita 50. Lipu ni 20. Toboa milimita 80 ili vumbi la mwisho lipate pa kukaa, na tofali ya nchi tano ina milimita 125 hivi, hutatokea kwa jirani. Skrubu sasa: 50 za fisha, 20 za lipu, 20 za ubao utakaofungwa, na kidogo cha kutokeza mbele ya fisha ili iitanue mpaka mwisho. Inakuja milimita 100. Mtu anayekuuzia skrubu ya milimita 50 kwa kazi hii anakuuzia skrubu ya kushika lipu. Na usikubali zile skrubu nyeusi za jipsamu, japo ziko kila duka. Ni ngumu lakini hazipindi, zinakatika kichwa. Tena ukikaa karibu na bahari zinaota kutu na kutu inashuka ukutani kwa mstari wa kahawia. Pwani nunua za chuma kisichoshika kutu. Bei ni kubwa, idadi unayohitaji ni ndogo.

Vumbi litoe tundu lisafike. Pampu ya baiskeli au mrija wa soda, jicho ukilifumba. Fisha inayokaa kwenye vumbi inazunguka pamoja na skrubu na haitakaza milele. Isukume ndani kwa msumari butu hadi iwe nyuma ya lipu. Isipoingia kwa kugongwa taratibu, tundu ni dogo. Ikiingia kwa kidole, tundu ni kubwa, na hapo weka fisha ya saizi inayofuata, si njiti za kiberiti.

Mbao mbili za kung'ata

Kwa ubao wa nakshi wa mpingo au mninga, hii ndiyo njia ninayoitumia karibu kila mahali. Chukua kipande cha mninga au mkongo chenye upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 2. Mpelekee seremala mwenye mashine ya kupasulia, Keko wapo wengi, akipasue kwa urefu katikati, mashine ikiwa imeinamishwa nyuzi 45. Unapata mbao mbili zenye makali ya mshazari yanayopokeana.

Ubao mmoja unafungwa ukutani, ukingo wa mshazari ukiwa juu na ncha yake kali ikitazama chumbani. Kati ya ncha hiyo na ukuta kunabaki mfereji. Ubao wa pili unafungwa mgongoni kwa kinyago, mshazari ukiwa chini na ncha yake ikitazama ukuta. Ukikiinua kinyago na kukishusha, ncha inaingia kwenye mfereji na uzito wenyewe unakivuta kikibane ukuta. Hakuna waya, hakuna kuyumba, na ukitaka kukiteremsha kusafisha unakiinua tu. Acha nafasi ya sentimita nne au tano juu yake, la sivyo hutaweza kukiingiza. Mteja mmoja wa Tabata alitaka kinyago kiguse kabisa dari na nilimkatalia kwa sababu hiyo.

Ubao wa ukutani ninaufunga kwa skrubu tatu kwa kinyago cha kilo kumi, si kwa sababu mbili hazitoshi, ila kwa sababu sijui tofali ipi kati ya hizo ilifyatuliwa Ijumaa jioni. Weka kifaa cha pima maji juu yake, uone umelala sawa, kabla ya skrubu ya pili. Skrubu moja ikiishia kwenye kiungo kati ya tofali na tofali na ikawa inazunguka, hamisha tundu, usijipe moyo.

Sasa kumbuka ile hesabu. Ubao huu unakaa juu, karibu na kichwa cha kinyago. Chini, mgongoni, gundisha kijiti chenye unene ule ule wa sentimita 2, ili kinyago kisimame wima na kiguse ukuta. Bila kijiti hicho kinainamisha miguu ndani, kichwa nje, na mzigo wote unarudi kwenye skrubu za juu.

Kikipita kilo kumi na tano, mimi naongeza kibebeo chini: kipande cha chuma cha pembe, kile wachomeleaji wanachokiita engo laini, urefu wa sentimita kumi tu, kimefungwa chini kabisa ya kinyago na kimefunikwa kitambaa. Chuma kinabeba, mbao za juu zinashika. Mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani, Dar, watakukatia na kukutobolea ukisubiri. Kwa vipande vya milango ya zamani, ile mihimili ya juu yenye nakshi ya maua na minyororo ambayo watu wananunua Unguja na Lamu, usifikirie njia nyingine. Msaji au mvule wa urefu wa mita moja na nusu unaweza kuwa kilo arobaini, na hapo ninafunga chuma cha pembe urefu mzima, kwa boliti za milimita 10, kwenye zege.

Kutoboa mpingo

Upande wa kinyago unahitaji subira kuliko ukuta. Mpingo ni mgumu kiasi kwamba skrubu isiyotanguliwa na tundu ama inakatika ama inaupasua mti. Kwa skrubu ya milimita 5 tanguliza tundu la milimita 4, drili ikizunguka taratibu, ukiitoa kila mara ipoe. Ukisikia harufu ya kuungua, umekimbia sana. Vaa barakoa, maana vumbi la mpingo linawasha ngozi na pua. Wachongaji wanalijua vizuri.

Funga tepu kwenye drili kuonyesha kina. Kwenye ubao wa unene wa sentimita 4, tundu lisivuke 2. Pima pale utakapotoboa, sio pembeni, kwa sababu upande wa mbele mchongaji amekwangua na huenda nyuma ya shavu la mzee wa kwenye nakshi umebaki mti wa sentimita moja. Weka kidole mbele na kingine nyuma, uusikie unene. Skrubu ipake sabuni ya mche, inaingia bila kulia. Ukitumia skrubu za shaba, ingiza kwanza ya chuma itengeneze njia, itoe, ndipo uweke ya shaba. Shaba ni laini na mpingo utaikata.

Jambo lingine: mti unasinyaa na kutanuka kwa upana wake. Ukiubana kwa skrubu kali pande zote mbili, utapasuka ukitafuta pa kwenda. Kwenye ubao wa mgongoni tundu moja liwe la duara, jingine liwe refu kidogo kwa kulala, skrubu iweze kuteleza. Na usikitundike chini ya AC au mbele ya dirisha la jua la mchana. Nyufa nyingi ninazoletewa zilianza baada ya kinyago kuhama kutoka kibanda chenye joto na unyevu kwenda ofisi yenye AC ya digrii 18.

Visivyotobolewa

Mti wa uzima, ule wenye watu wamepandana duara zima, haukuchongwa utazamwe upande mmoja. Watu wananiomba nikate mgongo wake uwe bapa uweze kulala ukutani. Sikati. Ujengee rafu ndogo yenye mgongo wa juu, rafu ifungwe ukutani kwa njia ile ile, na kinyago kisimame juu yake kimefungwa kiunoni kwa waya mwembamba mweusi ili mtoto akiivuta rafu kisimfuate.

Mapiko, barakoa za ngoma za Wamakonde, nazo ni nyepesi na zina uwazi ndani, maana mchezaji huivaa kichwani na kuchungulia kupitia mdomo. Nyingine zina nywele za kweli. Barakoa ya zamani ikitobolewa skrubu imepoteza thamani yake, na mara nyingi mti umeshakauka au umeliwa na wadudu. Naagiza mkono wa chuma: bapa jembamba linalofungwa ukutani, linatokeza mbele, mwisho wake unapinda juu na kuingia ndani ya barakoa mahali kichwa kilipokuwa. Chuma chote kinazungushiwa kitambaa cha mahameli. Barakoa inakaa kama imevaliwa, na hakuna kilichoguswa. Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, ingawa inalipa kidogo.

Kuta za mawe Unguja

Mji Mkongwe sikubali drili kirahisi. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wa nusu mita na zaidi, na watu wanadhani unene ni nguvu. Jiwe lina vitundu, chokaa katikati ni laini. Ukitoboa kwa kugonga, kifusi kinamwagika ndani na lipu ya chokaa inaachia nje eneo pana kuliko kinyago chenyewe. Nilikuta nyumba moja ya wageni fundi amepiga misumari ya zege safu nzima, na chini ya kila msumari kulikuwa na kilima kidogo cha mchanga juu ya sakafu. Isitoshe mji huo upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya hifadhi. Kabla ya kugusa ukuta wa zamani, uliza.

Mara nyingi hakuna haja. Waliojenga nyumba hizo waliacha zidaka, yaani vishubaka ndani ya ukuta, kwa kuwekea vyombo na mapambo. Kinyago cha kilo nane ndani ya kidaka, kimetegwa kigingi chini kisiteleze, taa ndogo juu yake, mwenye nyumba hatatamani tena skrubu. Kwa ubao mpana tengeneza fremu ya mbao inayosimama sakafuni na kuegemea ukuta, mzigo wote ukabebwa na sakafu.

Jaribio la dumu

Ukishafunga ubao wa ukutani, usitundike kinyago siku hiyo. Chukua dumu la lita 20, lijaze maji, lining'inize kwa kamba kwenye ubao. Ni kilo 20 na ushee. Kwa kinyago cha kilo kumi huo ni mzigo mara mbili. Liache hadi kesho, na usiweke kitu cha kuvunjika chini yake. Asubuhi pitisha ukucha kati ya ubao na ukuta. Ukucha ukiingia mahali ambapo jana haukuingia, skrubu imesogea, vua, hama. Mama mmoja wa Mbezi alinicheka, "fundi, umekuja kutundika sanaa au maji?" Usiku huo dumu lilishuka sentimita moja, tukagundua ukuta ule ulijengwa kwa tofali ya tundu na mwenye nyumba hakuwahi kuambiwa.

Hata dumu likifaulu, juu ya kitanda na juu ya kochi situndiki kitu kizito. Huo ni msimamo wangu, wateja wamenizoea.

Nyumba ya kupanga

Mwombe mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo, na mwambie idadi ya matundu. Wengi wanakubali matundu matatu wakisikia yatazibwa vizuri. Wanachochukia ni misumari.

Siku ya kuhama, ingiza skrubu nusu kwenye fisha, ishike kwa koleo na uvute. Vyote viwili vinatoka pamoja. Fisha ikigoma, ikate usawa wa tofali na uisukume ndani. Nyunyiza maji kwenye tundu, jaza mchanga laini na saruji hadi karibu na uso, subiri ikauke siku moja. Kisha pati, tabaka jembamba mara mbili badala ya nene mara moja, maana nene inasinyaa na kubonyea katikati. Msasa laini, futa vumbi, paka rangi. Ukipaka kiduara tu kitaonekana hata kama rangi ni ya kopo lile lile, kwa sababu ya ukutani imeshapauka. Paka ukuta huo mmoja kona hadi kona. Kwenye ukuta wa chokaa usitumie saruji hata kijiko. Saruji ni ngumu kuliko ukuta, inazuia unyevu usitoke, na baada ya mvua kadhaa inaanguka na lipu ya pembeni yake. Huko changanya chokaa na mchanga, iloweshe mara kwa mara ikiwa inakauka, na iache wiki kadhaa kabla ya kuipaka chokaa nyeupe juu.